Kabla ya kumpima mtoto kiziwi, tupime kwanza mizani yetu

Wengi hapa munanijua kama mtu wa udongo na mbegu. Lisansi yangu ni ya agronomia, na nikiandika hapa ni juu ya maharagi, mihogo ao mmomonyoko wa udongo mu milima yetu ya Kivu. Leo naacha jembe pembeni kidogo. Nataka tuongee historia: namna watoto viziwi walivyofundishwa, na zaidi namna walivyopimwa. Sababu yangu iko nyumbani kwetu.

Mdogo wangu wa mwisho, msichana, aliacha kusikia akiwa na miaka 6, baada ya homa ya uti wa mgongo. Leo ana miaka 15. Mtaani wanamwita "bubu", neno ambalo mama hataki kulisikia mu nyumba yake. Alianza mu shule ya wanaosikia, akarudia mwaka wa pili mara mbili. Kisha tukamupatia nafasi mu shule ingine yenye darasa la viziwi, na pale njo alijifunza ishara, zaidi kwa wenzake kuliko kwa mwalimu. Mwisho wa mwaka nilienda na mama kuchukua buleteni. Buleteni ilikuwa ileile ya watoto wote. Dikte ya Kifaransa: zero kwa 20. Kusoma kwa sauti: zero kwa 10. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole:

— Mama, huyu mutoto hana luga.

Mama alimtazama kidogo, akajibu:

— Hana luga, mwalimu? Na jana mangaribi tuligombana naye saa nzima juu ya maji ya kuteka. Alikuwa ananijibu na nini, basi?

Tulicheka wote watatu. Lakini zero zilibaki pale pale, na mtoto akarudia mwaka tena.

Wakati ule nilikuwa natayarisha memwari yangu juu ya mbegu za maharagi. Nilikuwa napima uotaji: unapanga mbegu 100 mu kitambaa chenye maji, unahesabu zilizoota siku ya tano, unahesabu tena siku ya tisa. Mdogo wangu alinisaidia. Siku moja alinivuta mkono, akanionyesha kwamba mbegu zilizokufa zote zilitoka mu mfuko mmoja. Akaonyesha mfuko kwa mkono wa kushoto, akaufanya ubaki pale hewani. Kwa kidole cha mkono wa kulia akatoboa tundu, kisha akafanya kidudu kinachokula ndani huku ganda linabaki zima. Akakunja uso: kwa nje hauoni kitu. Nilichukua mbegu nikapasua. Ilikuwa vile alivyosema. Mimi mwenye miaka mitano ya univerisite sikuwa nimeona.

Ile maelezo aliyonipa kwa mikono ilikuwa na sababu, matokeo, na hata onyo. Mwanafunzi wa sekondari akiyaandika kwa Kifaransa angepata pointi nzuri. Yeye hakuna mahali popote ku buleteni ambapo angeandikiwa pointi hata moja juu yake. Tangu siku ile nikaanza kusoma na kuuliza: ni nani aliamua kwamba mtoto kiziwi apimwe kwa mdomo na kwa sikio? Nilichokipata ni historia ndefu. Niwaelezee kwa ufupi.

Paris: watu wanalipa macho

Kati ya karne ya 18, padri mmoja wa Paris, Charles-Michel de l'Épée, alikutana na dada wawili viziwi. Toka pale akafungua shule nyumbani kwake. Alikuwa na wazo ambalo wakati ule lilikuwa jipya: ishara ambazo viziwi wa Paris walikuwa wanatumia kati yao zingeweza kuwa njia ya kuwafundisha. Hakuzivumbua yeye, alizikuta. Lakini alizitengeneza kwa namna yake. Aliongeza ishara za kuonyesha sarufi ya Kifaransa, ili mwanafunzi aweze kugeuza ishara kuwa sentensi ya Kifaransa, neno kwa neno.

Miaka ya 1770 alikuwa anafanya maonyesho mbele ya watu wakubwa. Wanafunzi viziwi walijibu maswali kwa Kifaransa, kwa Kilatini na kwa lugha zingine. Watu walishangaa. Lakini mutazame vizuri ule mtihani: maswali na majibu yalikuwa yametayarishwa mbele. Mwanafunzi alikuwa anarudisha kile alichowekewa. De l'Épée mwenyewe alijua. Alimwandikia Sicard, aliyekuja kuchukua nafasi yake, kwamba asitumainie viziwi wataeleza mawazo yao wenyewe kwa kuandika, kwa kuwa lugha ile ya kuandika si yao, yao ni ishara. Kumbe yule mtu aliyefungua mlango alikuwa ameona tatizo tangu mwanzo. Alikuwa na lugha mbili mu darasa, lakini mtihani ulikuwa wa moja tu.

Baadaye akatokea Auguste Bébian, aliyezaliwa Guadeloupe, mtoto wa ubatizo wa Sicard. Yeye alikuwa anasikia, lakini alikaa na viziwi mpaka akazijua ishara zao kabisa. Alisema zile ishara za kulazimisha sarufi ya Kifaransa ziachwe, mtoto afundishwe kwa ishara za viziwi wenyewe, kisha Kifaransa kifuate. Mwaka 1825 alitoa kitabu cha namna ya kuandika ishara ku karatasi. Ile ilikuwa kazi kubwa, juu kitu ambacho hauwezi kukiandika wala kukihifadhi, ni vigumu kukifundisha kwa mpango na vigumu zaidi kukipima. Lakini shule ilimfukuza, na kazi yake ikasahaulika muda mrefu.

Milano: kura 160 kwa 4

Mu mwezi wa tisa 1880, walimu wa viziwi walikutana Milano, Italia. Wajumbe walikuwa 164. Kiziwi kati yao alikuwa mmoja tu, James Denison wa Marekani. Walipiga kura kama kusema kwa mdomo kuwe juu ya ishara mu masomo: 160 wakakubali, 4 wakakataa.

Munawaza mkutano wa kuamua namna ya kulima maharagi, wakulima wote wako nje, ndani muko mmoja tu? Na siye tunazijua zile semina.

Baada ya Milano, shule nyingi za Ulaya zilifukuza walimu viziwi na zikakataza ishara mu darasa. Watoto waliendelea kuongea kwa mikono ku dortwari, usiku ao wakati mwalimu amegeuka. Mu darasa, saa na saa zilipita ku kufundisha mdomo. Mtoto anawekewa mkono ku shingo ya mwalimu ili asikie mtetemo, anarudia silabi moja mara mia. Na mtihani ukafuata somo: mtoto mwerevu ni yule anayetamka vizuri. Akijua historia, hesabu, namna mto unavyotembea, lakini mdomo haufungui, alikuwa "mzito wa akili".

Mwalimu wa Milano hakuwa na njia ya kugundua kosa lake, juu chombo chake cha kupima kilikuwa kinaona kitu kimoja tu. Mu agronomia tunajua hiyo: ukipima azoti peke yake, hautajua kama udongo umekosa fosforo. Utabaki unatupa mbolea ya azoti kila mwaka na kulaumu udongo.

Ilibidi mpaka mwaka 2010, mu mkutano uleule wa kimataifa wa walimu wa viziwi, safari hii Vancouver, Canada, ndipo wakatae waziwazi maamuzi ya 1880. Miaka 130.

Mtu aliyekuja kwetu

Sasa tuje Afrika, na tuje karibu na nyumbani. Andrew Foster alizaliwa 1925 mu jimbo la Alabama, Marekani, mtoto mweusi wa familia ya mtu wa migodi. Akiwa na miaka 11 alipata homa ya uti wa mgongo, akawa kiziwi. Ugonjwa uleule wa mdogo wangu. Shule ya viziwi weusi ya Alabama ilikuwa inafikisha mtoto mwaka wa sita tu, basi. Akahamia Detroit, akafanya kazi huku anasoma kwa barua mpaka akapata diploma. Mwaka 1954 akawa mweusi wa kwanza kumaliza ku Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi cha Washington.

Mwaka 1957 akafika Accra, Ghana, akaanza kufundisha mu vyumba vya kuazima. Mwaka 1960 akafungua shule Ibadan, Nigeria. Ibadan ikawa pia mahali pa kufunza walimu, wengi wao viziwi, wakatoka mu nchi za Kiingereza na za Kifaransa. Mpaka kufa kwake alikuwa ameanzisha shule zaidi ya 30 mu nchi 13 za Afrika. Nchi yetu, wakati ule Zaire, ni moja yao.

Alikufa tarehe 3 mwezi wa 12, 1987. Ndege ndogo ilianguka karibu na Gisenyi, Rwanda, ng'ambo tu ya Goma. Wengi wetu tumepita pale mara ngapi kuenda kununua bidhaa, bila kujua? Miaka mitano baadaye, Umoja wa Mataifa ulichagua tarehe 3 mwezi wa 12 kuwa siku ya watu wenye ulemavu duniani. Si kwa sababu yake, zilikutana tu. Lakini mimi kila mwaka siku ile namkumbuka yeye.

Foster alileta kitu ambacho Milano ilikataza: mwalimu kiziwi mbele ya watoto viziwi, na ishara mu darasa mchana kweupe. Hata hivyo, tusimfanye malaika. Ishara alizoleta zilikuwa za Marekani. Kwetu nchi za Kifaransa zilichanganyika na midomo ya Kifaransa na ishara za hapa hapa, mpaka zikapata jina lao, lugha ya ishara ya Afrika ya Kifaransa. Na mu darasa nyingi zilipangwa kwa kufuata sentensi ya Kifaransa, kama alivyofanya de l'Épée. Ishara zikawa daraja la kufikia Kifaransa. Daraja watu wanalipita, hakuna anayelipa pointi.

Tena kulikuwa na ishara za zamani kabla ya shule. Ghana kuna kijiji kinaitwa Adamorobe, ambapo viziwi walikuwa wengi toka zamani na kijiji kizima kina lugha yake ya ishara, hata wanaosikia wanaitumia. Watoto wake walipopelekwa ku shule ya viziwi, walirudi na ishara za shule, na zile za kijiji zikaanza kudhoofika. Hiyo inatupa swali la kwanza kabla ya mtihani wowote: tunapima ishara za nani?

Kutoka daraja mpaka lugha

Mwaka 1960, William Stokoe, mwalimu wa Kiingereza ku Gallaudet, alitoa utafiti ulioonyesha kwamba ishara ya Marekani inajengwa kama lugha zingine. Kila ishara inavunjika mu vipande: umbo la mkono, mahali mkono unapokaa, na namna unavyotembea. Ukibadilisha kipande kimoja, maana inabadilika, sawa vile "paka" na "taka". Wenzake walimcheka. Leo ni msingi.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Nicaragua ilikusanya watoto viziwi mu shule moja ya Managua. Walimu walikuwa wanafundisha kusoma midomo na tahajia ya vidole. Watoto hawakushika sana yale. Lakini ku uwanja na mu basi waliunganisha ishara zao za nyumbani, na wadogo waliokuja nyuma wakazifanya kuwa lugha kamili yenye sarufi. Wataalamu wa lugha walipoitwa, miaka ya 1980, walikuta lugha mpya ambayo hakuna mtu mkubwa aliyeifundisha. Kwa mtihani wa Kispanyola wale watoto walikuwa wameshindwa. Kwa ukweli walikuwa wamefanya jambo ambalo sisi wenye diploma hatuwezi kulifanya.

Mwaka 1981, bunge la Sweden lilikubali kwamba kiziwi anahitaji lugha mbili ili aishi vizuri: ishara ya Sweden na Kiswidi. Mwaka 1983 programu ya shule za viziwi ikafuata. Hapa njo elimu ya lugha mbili ilipata maana yake kamili. Ishara ikawa chombo cha kufundishia hesabu na jiografia, lakini pia ikawa somo lenyewe, na saa zake, sarufi yake, hadithi zake. Kiswidi kikafundishwa kama lugha ya pili, kwa kusoma na kuandika. Somo likiwa na saa zake, lazima liwe na pointi zake. Na pointi zikiwepo, swali linakuja: unapimaje mikono?

Kupima mikono

Wanasemaka haiwezekani. Inawezekana, na imeshafanyika. Mwaka 1999, Uingereza, Rosalind Herman na wenzake walitoa kipimo cha watoto wa miaka 3 mpaka 11. Mtoto anatazama video, mtu anafanya sentensi kwa ishara, mtoto anaonyesha picha inayofaa kati ya picha tatu ao nne. Hakuna kalamu, hakuna mdomo, hakuna Kiingereza. Mbele ya kuanza, wanahakikisha kwanza kwamba mtoto anajua ishara za maneno yanayotumika, juu kila mji una zake. Kipimo cha pili, kilichokuja baadaye: mtoto anatazama filamu fupi isiyokuwa na maneno, kisha anasimulia kwa ishara yale aliyoyaona, wanamrekodi.

Wanatazama nini? Wanatazama kama mtoto anaweka watu hewani na kuwarudia pale pale bila kuwachanganya, vile mdogo wangu alivyoweka mfuko. Wanatazama kama kitendo cha "kupa" kinatoka kwa mtoaji na kinaenda kwa mpokeaji. Wanatazama uso, juu nyusi nazo zinaweza kuonyesha swali. Wanatazama kama hadithi ina mwanzo, tatizo na mwisho.

Na hapa nione makosa matatu ambayo nimeyaona kwa macho yangu. La kwanza, mwalimu anaandika "vache" ku tabulo, anamwambia mtoto aonyeshe ishara. Ile ni kupima Kifaransa. Mtoto anayejua ng'ombe, maziwa yake na ugonjwa wake, lakini hajui herufi zile, atapata zero ya ishara ambayo hakuistahili. La pili, anayesahihisha ni mtu anayejua ishara hamsini, anamhukumu mtoto anayejua elfu. Asipoelewa, anaandika "haieleweki". La tatu, kuchukua kipimo cha Ulaya na kukileta vile kilivyo. Mtoto wa Walungu ukimuonyesha picha ya teluji, akikosa, umepima nini? Ni sawa na kuleta mbegu ya nchi ya baridi ku Uvira, kisha kusema mkulima ni mvivu.

Majirani wametutangulia

Uganda iliandika mu katiba yake ya 1995 kwamba serikali ikuze lugha ya ishara ya viziwi. Kenya, katiba ya 2010, iliitaja Lugha ya Ishara ya Kenya na ikaifanya moja ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Halafu ikaingia mu mitihani ya taifa: mtahiniwa kiziwi anaweza kufanya karatasi ya Lugha ya Ishara ya Kenya mahali pa karatasi ya Kiswahili. Muwaze ile inabadilisha nini. Shule inayotaka watoto wapite inalazimika kutafuta mwalimu anayeijua kweli.

Afrika Kusini ilienda mbali zaidi. Programu yake ya lugha ya ishara, iliyoanza mu shule 2015, ilibadilisha hata majina ya sehemu za somo. Pale wengine wanafanya "kusikiliza na kusema", kiziwi anafanya "kutazama na kutoa ishara". Pale wengine wanaandika insha, yeye anarekodi video, anaitazama, anaisahihisha, anarekodi tena, sawa na mtu anayefuta na kuandika upya. Mwaka 2018 wanafunzi wa kwanza wakafanya mtihani wa mwisho wa sekondari mu lugha ya ishara kama lugha yao ya nyumbani. Mwaka 2023 ikawa lugha rasmi ya 12 ya nchi.

Na sisi?

Karatasi hatukukosa. Sheria ya elimu ya 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za mazingira kuwa chombo cha kufundishia. Mwaka 2015 nchi yetu ilijiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na kifungu cha 24 cha mkataba ule kinasema wazi: serikali iwezeshe kujifunza lugha ya ishara na iajiri walimu wanaoijua, pamoja na walimu wenye ulemavu wenyewe. Mwaka 2022 ikapatikana sheria yetu ya kulinda watu wanaoishi na ulemavu.

Lakini sote tulipita ku Exetat. Munakumbuka ile siku ya Kifaransa cha kusema, unasimama mbele ya juri, jasho linatiririka. Sasa mumuweke kiziwi pale. Njo tunarudi Milano bila kupanda ndege.

Najua jibu la wengine: hata watoto wanaosikia hawana madawati, mwalimu analipwa kwa shida, wewe unatuletea video? Ni swali la haki, na silikimbii. Ila muangalie gharama ya upande mwingine. Mdogo wangu amerudia darasa mara tatu. Miaka mitatu ya nguo za shule, madaftari, na saa za mwalimu, kwa sababu hakuna aliyejua kupima kile anachokijua. Simu ya kurekodi dakika tatu za hadithi iko mu mfuko wa kila mmoja wetu.

Wengine wanaogopa kwamba mtoto akipewa ishara, Kifaransa kitamkimbia. Mimi nilijifunza kusoma kwa Kiswahili, kisha Kifaransa kikapanda juu yake. Hakuna aliyesema Kiswahili kimenizuia. Mtoto aliye na lugha moja imara ana mahali pa kushikisha ya pili. Asiye na lugha yoyote iliyokubaliwa, Kifaransa kitashika wapi?

Kwa hiyo naomba chama chetu mambo matatu, yasiyohitaji bajeti ya serikali. Moja, tuko na wenzetu wa pedagojia na wa lugha: wakae na viziwi wakubwa wa hapa mjini, warekodi hadithi na maneno yanayotumika kweli hapa, soko, shamba, ziwa, ugonjwa. Hiyo ni hazina ya mbegu. Bila mbegu ya hapa, hatuna kipimo cha hapa. Mbili, pale kuna darasa la viziwi, tuombe shule iongeze mstari mmoja ku buleteni: "lugha ya ishara", na kwa kutoa pointi, kiziwi mkubwa akae pembeni ya mwalimu. Tatu, wenzetu wa sheria waandike barua juu ya mtihani wa kusema wa Exetat, watumie karatasi zile nilizozitaja.

Wiki iliyopita nilijaribu mwenyewe nyumbani. Nilimuonyesha mdogo wangu filamu fupi isiyo na maneno, kisha nikamuomba anisimulie, nikarekodi. Dakika nne. Nikampelekea mzee mmoja kiziwi, fundi viatu. Aliitazama mara mbili bila kusema kitu. Kisha akanionyesha mahali pawili ambapo binti alichanganya nani alimpa nani, na akanifanyia mfano sahihi. Baadaye akainua kidole gumba, akatikisa kichwa kwa heshima.

Ile ilikuwa mara ya kwanza mtu kumsahihisha mdogo wangu ku kosa alilolifanya kweli. Nilipomuonyesha marekebisho, hakukasirika. Alirudia hadithi toka mwanzo, akaweka kila mtu mahali pake. Kisha akauliza kwa mkono: ngapi kwa 20?

Nilimwambia 16. Alisema ni kidogo, tugombane.

Mutoe mawazo yenu, zaidi nyinyi mulio na kiziwi nyumbani.